JE, TUMSAJILI BEKI MZEE?

(Maneno ya Kamati ya Michezo mbele ya mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa mashambani siku ile.)



Tumesimama kwa jambo moja tu, nalo mmekwisha kulisikia njiani, kisimani na kilabuni. Afadhali basi tulizungumze hapa, mbele ya wote, kila mtu alisikie sawasawa.

Yuko beki mmoja mwenye umri wa miaka 37. Amecheza miaka mingi katika timu za wilaya na mkoa. Sasa amerudi kijiji cha jirani kuhudumia mikorosho yake, na ameleta habari kwamba yuko tayari kuichezea timu yetu katika mashindano ya kata. Jina lake hatulitaji, maana bado hajakubaliwa wala hajakataliwa, na si vizuri jina la mtu kubandikwa ukutani kama la mdaiwa. Haombi mshahara. Anaomba nauli ya siku za mazoezi na za mchezo, jozi moja ya viatu, na gunia moja la mahindi mashindano yakiisha.

Vitu hivyo vitatoka katika mfuko wa chama. Ni mfuko ule ule unaonunua mipira ya watoto wa shule na kulipa mafuta ya gari mgonjwa akizidiwa usiku. Kwa hiyo, ndugu zangu, hili si jambo la wapenda kabumbu peke yao. Hata bibi asiyejua goli liko upande gani ana haki ya kuuliza: gunia langu linakwenda wapi?

Tumeyasikia maneno ya pande tatu. Wa kwanza wanasema: huyo ni mzee, mbio hana, mafowadi wa kata watampita kama wanaopita kisiki. Wa pili wanasema: tunao vijana wetu wawili wa namba nne na tano, wamengoja nafasi tangu wakiwa shule, kumleta mgeni ni kuwafungia mlango. Wa tatu wanasema: acheni maneno mengi, mtu wa mkoa anakuja kwa gunia moja la mahindi, nyinyi mnauliza nini tena?

Maneno yote matatu yana ukweli ndani yake. Ndiyo maana hatukutaka kujibu kwa ushabiki. Tulikaa tukatazama wenzetu waliowahi kumchukua beki mzee, walipata nini na walipoteza nini.

Tuanze na Manchester United ya Uingereza. Mwezi Agosti 2001 walimwuza beki wao Jaap Stam kwa Lazio ya Italia, wakamchukua Mfaransa Laurent Blanc. Blanc alikuwa na miaka 35, na hakuwa mtu mdogo: alikuwamo katika timu ya Ufaransa iliyochukua Kombe la Dunia mwaka 1998 na Kombe la Ulaya mwaka 2000. Lakini timu ile ilizoea kushambulia, mabeki wakisogea juu na kuacha uwanja mtupu nyuma yao. Mahali kama hapo panataka mtu wa kugeuka na kukimbia. Msimu wa kabla yake walifungwa magoli 31 katika ligi. Msimu huo wa Blanc wakafungwa 45, wakamaliza wa tatu. Watu wakamcheka. Wakachukua herufi za kwanza za majina ya timu zilizowafunga mwanzoni mwa msimu, wakazipanga, likatokea jina lake: Bolton, Liverpool, Arsenal, Newcastle, Chelsea.

Je, mguu wa mzee peke yake ndio uliofungisha magoli yote hayo? Hapana. Mpira huchezwa na watu kumi na mmoja. Lakini aliyempanga mzee mahali pa mbio alimpa kazi isiyo yake. Msimu uliofuata walimnunua kijana Rio Ferdinand asimame pale katikati, Blanc akawa msaidizi, na mwaka 2003 ubingwa ukarudi.

Sasa tutazame Chelsea. Mwezi Agosti 2020 walimchukua Mbrazili Thiago Silva, mkataba wake na PSG ya Ufaransa ukiwa umekwisha. Hawakulipa ada kwa timu yake ya zamani, na walimpa mkataba wa mwaka mmoja kwanza, ili watazamane. Mwezi Septemba akatimiza miaka 36. Siku chache baadaye akacheza mchezo wake wa kwanza wa ligi, dhidi ya West Bromwich Albion. Mpira ukamponyoka mguuni akiwa mtu wa mwisho, likawa goli. Mpaka mapumziko Chelsea walikuwa nyuma 3 kwa 0, wakajitahidi wakarudisha 3 kwa 3. Fikirini maneno yaliyosemwa siku ile! Kama ingekuwa hapa kwetu, angefukuzwa kabla ya jua kuzama.

Wao hawakumfukuza. Mwezi Januari 2021 alikuja mwalimu mpya, Thomas Tuchel. Akapanga mabeki watatu nyuma na kumweka mzee katikati yao. Wa kushoto na wa kulia wakawa ndio wa kukimbia kuwafuata mafowadi. Yeye kazi yake ikawa kutazama, kupanga na kuuzuia mpira kabla haujawa hatari. Tarehe 29 Mei 2021, mjini Porto, Chelsea wakaifunga Manchester City 1 kwa 0 na kuchukua Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Silva alikaa pale miaka minne, akaondoka mwaka 2024.

Lakini ndugu zangu, kuhusu mchezo ule wa Porto kuna jambo moja watu husahau. Yule mzee hakuumaliza. Aliumia, akatoka dakika ya 39. Akaingia kijana, Andreas Christensen, na zaidi ya nusu ya mchezo lango likalindwa bila yeye. Kama Chelsea wangekuwa na mzee tu, bila kijana aliyeandaliwa, sijui kombe lingekwenda wapi. Neno hili tulishike, tutalirudia.

Tena PSG hao hao, mwaka 2021, walimchukua Sergio Ramos kutoka Real Madrid, miaka 35. Alifika mwezi Julai ameumia. Hakugusa mpira wa mchezo rasmi mpaka tarehe 28 Novemba. Karibu miezi mitano mtu yumo kwenye hesabu ya mishahara lakini uwanjani hayumo! Msimu wa pili alicheza vizuri zaidi, ni kweli. Lakini mashindano yetu ya kata hayana msimu wa pili. Yanakwisha katika wiki chache. Mtu akiumia wiki ya kwanza, gunia limekwenda.

Wapo watakaosema, hayo ni ya Ulaya. Haya, turudi nyumbani. Mwaka 2018 Simba walimsajili Pascal Wawa wa Ivory Coast, mtu ambaye tayari tulimjua alipokuwa Azam, na umri wake ulikwisha kupita miaka 30. Katika mashindano ya Klabu Bingwa Afrika ya 2018/19 Simba walichapwa 5 kwa 0 kule Kinshasa na AS Vita, wakachapwa tena 5 kwa 0 na Al Ahly kule Misri. Wengi walisema mabeki wamekwisha. Hata hivyo walishinda michezo yote mitatu ya makundi hapa Dar es Salaam, wakaingia robo fainali. Msimu wa 2020/21 Wawa alicheza ubavuni mwa Joash Onyango, Mkenya, aliyemzidi kwa mbio na nguvu. Katika michezo sita ya makundi Simba walifungwa magoli mawili tu, wakaongoza kundi lililokuwa na Al Ahly. Mmoja anasoma mchezo, mwingine anafukuza. Wote wawili walihitajiana.

Kwa hiyo tumejifunza nini? Tumejifunza kwamba swali la umri peke yake halina jibu. Swali lenye jibu ni hili: utampa kazi gani, na utamweka karibu na nani? Beki mzee miguu yake inapungua, hilo halina ubishi. Akicheza Jumamosi, Jumapili mwili unauma, na Jumatano bado unauma. Lakini macho hayapungui haraka hivyo. Na mdomo haupungui kabisa! Anajua fowadi atakwenda wapi kabla fowadi mwenyewe hajajua. Anasema, "Ingia ndani, funga kushoto, usimfuate huyo, mwache."

Sasa itazameni timu yetu. Mbio tunazo. Vijana wetu wanakimbia kuliko timu yoyote ya kata, sifa hiyo hatunyang'anywi na mtu. Lakini mashindano yaliyopita tulifungwa mara kwa mara dakika za mwisho, tena tukiwa tunaongoza. Mlikuwapo, mliona. Mpira ukienda upande wa kisimani, ambako uwanja umeinama, watu wanne wanaufuata pamoja kama kuku wanaofuata punje, na katikati hakuna mtu. Golikipa anapiga kelele peke yake. Hapo hapakukosekana mbio, ndugu zangu. Palikosekana sauti.

Na hili la vijana kufungiwa mlango tunalijibu kwa mfano wa shambani. Mkorosho mzee usiozaa vizuri hatuung'oi mizizi. Tunaukata, machipukizi yakitoka tunayabebesha vikonyo vya mkorosho bora. Mizizi ni ya zamani, imekwenda chini kwenye maji. Matawi ni mapya, na korosho zinatoka kwenye matawi mapya. Lakini anayeuacha mkorosho mzee usimame vile vile, akaupulizia salfa kila mwaka kwa kuupenda tu, huyo anatupa salfa. Na anayeukata asibebeshe kitu, huyo amepata kuni.

Basi maoni ya Kamati ni haya: TUMCHUKUE, lakini kwa masharti yafuatayo, na yeye ayasikie kabla ya kukubali.

(1) Achukuliwe kwa mashindano haya tu. Yakiisha tukae tena. Asiwepo mtu wa kusema alikwisha kuahidiwa kwa maneno.

(2) Viatu apewe sasa, maana hawezi kucheza pekupeku. Nauli alipwe kwa siku aliyofika. Gunia la mahindi ligawanywe kwa michezo: aliyecheza nusu ya michezo apate nusu ya gunia. Hii si kumdharau. Ndivyo tunavyopima korosho ghalani, kila mtu na kilo zake.

(3) Afike mazoezini kama wengine. Kama mwili unauma asikimbie, lakini asimame pembeni aelekeze. Hatununui jina, tunatafuta mtu.

(4) Asicheze wakati wowote bila kijana mmoja wetu wa namba nne au tano ubavuni mwake. Na yule wa pili awe ameandaliwa kuingia. Mkumbuke dakika ya 39 ya kule Porto.

(5) Mabeki wetu wasisogee juu mpaka katikati ya uwanja kama walivyozoea. Wakae nyuma kidogo, mzee asikimbizwe. Hili ni la mwalimu wa timu kulisimamia, si la watazamaji kupiga kelele kutoka chini ya mwembe.

Kama masharti haya hayatafuatwa, basi ni heri tusimchukue kabisa. Kumweka mtu wa miaka 37 ashindane mbio na kijana wa miaka 19 kwenye uwanja mkavu ni kumwaibisha mzee wa watu, na kujiaibisha sisi tuliomwita.

Nanyi vijana wawili, tunawaambia waziwazi mbele ya wazazi wenu: hamjanyang'anywa jezi. Mmeletewa mwalimu wa kusimama nanyi ndani ya mchezo wenyewe, mahali ambapo mwalimu wa pembeni hafiki. Mwulizeni kila kitu. Mwibieni ujuzi, wizi huo hauna mgambo. Mashindano yakiisha na nyinyi hamjui kupanga mabeki wenzenu, basi gunia letu limeliwa bure, hata kama tutaleta kombe.

Ndugu wanachama, uamuzi ni wenu. Sisi tumetoa maoni, wenye mfuko ni nyinyi. Kura itapigwa kwa kuinua mikono katika mkutano wa Jumamosi, saa kumi alasiri, hapo ghalani. Mwenye neno la kupinga aje nalo mkutanoni, asiliache kilabuni. Na mwenye neno zuri zaidi ya haya yetu, tutalifuata.



Kamati ya Michezo

(Tafadhali karatasi hii isibanduliwe mpaka kura ipigwe. Asiyejua kusoma asomewe na jirani yake.)