Barabara Kabla ya Alama ya X



Wengi wetu habari ya barabara hatukuipata mkutanoni. Tuliikuta ukutani: X nyekundu, alama ya kubomolewa, rangi bado mbichi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliposogeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, alama za X zilifika hata kwa watu waliokuwa wamejenga nje ya mpaka wa zamani. Lakini leo naziacha barabara kuu. Nazungumzia za mitaani, zilizo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) tangu 2017, kwa sababu huko ndiko mkazi anakojua mengi yasiyomo kwenye mchoro.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria kikao cha kujadili barabara moja ya mtaa. Mchoro ulikuwa umebandikwa ubaoni, muhuri tayari. Karatasi ya mahudhurio ikazunguka, soda zikagawiwa. Mama mmoja mwenye genge akasimama: “Mwanangu, maji ya hapa hayapiti hapo mlipoweka karavati.” Akajibiwa kwamba hoja yake imepokelewa. Masika iliyofuata maji yalishika njia ileile aliyoisema mama, yakala ukingo wa barabara mpya hadi kifusi kikabaki nje. Ile karatasi nilikuja kuikuta kwenye ripoti, ikiitwa ridhaa ya wananchi. Kwangu mimi ilithibitisha kwamba soda zilinywewa, basi.

Inawezekana kufanya vinginevyo. Hanna Nassif, Kinondoni jijini Dar es Salaam, kando ya bonde la Msimbazi, mafuriko yalikuwa kero ya kila mvua. Mradi wa kuboresha makazi ulipoanza katika miaka ya 1990, mifereji ndiyo iliyotangulizwa, na wakazi wenyewe wakapewa kandarasi za kazi, wanawake kwa wanaume. Aliyechimba mfereji kwa jembe lake hahitaji kuhubiriwa asitupe taka ndani yake. Mwaka 2011 huko Tandale, katika jiji hilohilo, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walizunguka na wakazi wakichora vichochoro ambavyo ramani nyingi ziliviacha vitupu.

Ndiyo maana sina imani kubwa na kikao cha ukumbini. Ukumbini anasema mwenye sauti. Barabarani anasema mwenye nyumba, kwa kuwa yuko mlangoni kwake.

Basi wanafunzi wangu nawapeleka mtaani mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, na swali moja tu: maji yalifika wapi? Safari ya mwisho mzee mmoja hakujibu kitu. Alifunga mlango wake, akatuonyesha mstari wa tope uliokaukia juu ya kitasa. Mwanafunzi mmoja akatoa futi kamba, akapima, kisha akachuchumaa barazani na kufuta mtaro aliokwisha kuuchora.