Taa Yenye Masikio, na Kelele za Keko

Ndugu msikilizaji, sisi tunaokula kwa kusema redioni tuna mwenzetu mmoja ambaye ninyi hamumwoni. Ni sindano ndogo iliyo kwenye mtambo mbele ya mtangazaji. Siku hizi mara nyingi ni safu ya vitaa vya kijani, vya njano na vyekundu. Ukinong'ona, hupanda kidogo. Ukipaza sauti, hupanda zaidi. Ukipiga makelele huingia kwenye wekundu, na fundi mitambo aliye nyuma ya kioo hukunja uso. Kwa hiyo taa inayoitikia sauti si uchawi wala si jambo geni. Jambo geni ni kuitoa studioni, kuifanya sanamu, na kuisimamisha mtaani ambako kila mpita njia ataweza kusemezana nayo.

Nimeulizwa na kijana mmoja, fundi wa redio kule Keko, kama sanamu la namna hiyo linaweza kutengenezwa hapa kwetu. Jibu langu ni kwamba linaweza, tena kwa vifaa vilivyomo humu humu mjini. Lakini kabla ya kununua hata waya mmoja, mtengenezaji hana budi kujibu swali moja: sanamu lake litamsikiliza nani?

Wenzetu walianza zamani. Mwaka 1956 msanii Nicolas Schöffer, mzaliwa wa Hungary aliyeishi Ufaransa, alitengeneza sanamu la chuma lililoitwa CYSP 1. Lilikuwa na maikrofoni na vifaa vya kuhisi mwanga, na lilijisogeza na kugeuza mabapa yake kufuatana na sauti na rangi zilizolizunguka. Mwaka 1961 alisimamisha mnara wa mita 52 katika mji wa Liège, Ubelgiji, uliobadilisha mwendo na mwanga wake kwa kufuata hali ya mahali pale.

Lakini kazi inayonigusa zaidi mimi mtu wa redio ni ya Mexico. Tarehe 2 Oktoba 1968 wanafunzi walioandamana katika uwanja wa Tlatelolco, mjini Mexico, walipigwa risasi. Miaka 40 baadaye, yaani 2008, msanii Rafael Lozano-Hemmer aliweka uwanjani hapo kipaza sauti cha mkononi na taa kubwa ya kumulika angani. Mwananchi yeyote alisogea akasema alilokuwa nalo moyoni. Kila alipopaza sauti, taa iliwaka kwa nguvu zaidi. Aliponyamaza, taa ilizimika. Aliyekuwa mbali akiuona mwanga ukipepesa angani aliweza kufungua redio ya chuo kikuu na kusikia taa ile inasema nini. Msanii yule alikuwa amekwisha amua taa yake imsikilize nani: ni yule aliyekatazwa kusema.

Sasa turudi Keko. Anayeijua Dar es Salaam anajua kwamba ukitaka kitanda cha sita kwa sita, kabati la nguo au seti ya makochi, utaelekezwa Keko. Kando ya barabara mafundi wanapasua, wanapiga randa, wanapiga msasa, wanapuliza vanishi. Riziki ya familia nyingi inatoka pale. Kelele nazo zinatoka pale pale: msumeno, randa ya umeme, kompresa, jenereta umeme ukikatika, honi za malori, na spika ya muuza kanda wa zamani ambaye leo anaingiza nyimbo kwenye simu.

Fikiria basi ukisimamisha hapo sanamu la taa kwa kanuni ya disko, kwamba sauti ikiwa kubwa na mwanga uwe mkubwa. Bwana mkubwa wa sanamu hilo atakuwa ni msumeno kuanzia asubuhi hadi jioni. Mtoto atapiga makofi mbele yake, bibi atasalimia, wala hakuna kitakachobadilika. Waswahili wamesema debe tupu haliachi kuvuma. Je, tunataka kulipa debe tupu taa za rangi kama zawadi?

Mimi ningependekeza kanuni igeuzwe. Sauti ya kiasi cha mazungumzo ndiyo iwashe taa, na kelele ndizo ziifukuze.

Hebu tuangalie namba. Sauti hupimwa kwa desibeli. Watu wawili wakizungumza kwa utulivu ni kama desibeli 60. Wataalamu wengi wa afya za wafanyakazi wanasema kwamba sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na kila zikiongezeka 3, muda huo unakatwa nusu. Kwa hiyo desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, na 100 ni dakika 15 tu. Mashine za kukata na kuranda mbao hupita kwa urahisi desibeli 95. Fundi anayesimama hapo kutwa nzima bila kinga anauza masikio yake pamoja na kitanda, na katika bei ya kitanda masikio hayamo. Ubaya wake ni kwamba masikio yakifa kwa kelele hayatoki damu wala hayavimbi. Mtu hushtukia tu kwamba mkewe anamwita mara tatu.

Sanamu lenyewe lingekuwa hivi. Nguzo ya mabaki ya mninga, urefu wa mita 3, imefungwa madumu meupe ya maji ambayo ndani yake imo mikanda ya taa za LED. Dumu jeupe huutawanya mwanga usichome macho. Ndani ya nguzo kuna maikrofoni ndogo, saketi ya kuikuza sauti, na kibao cha kompyuta ndogo kama Arduino kinachopima sauti mara nyingi kwa sekunde. Programu yake ni fupi. Mtaa ukiwa kimya, dumu la chini tu linawaka hafifu. Watu wakizungumza karibu, mwanga wa njano unapanda dumu kwa dumu. Zikipita desibeli 85, yote yanazimika isipokuwa moja la juu, nalo linawaka jekundu bila kupepesa. Fundi akiliona, anajua wakati wa kuvaa kinga ya masikio umefika.

Yapo mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, mwanga uwake upesi lakini ushuke polepole. Taa inayopepesa zaidi ya mara 3 kwa sekunde inaweza kumletea mshtuko mwenye kifafa, na pale wanapita watu wa kila hali. Pili, umeme. Mkanda wa kawaida wa mita 5 hula kama wati 24. Ukiwaka saa 4 za jioni haufikishi hata sehemu moja ya kumi ya uniti. Betri na paneli ndogo ya jua vinatosha. Tatu, na hili ni zito, maikrofoni ya barabarani huwatia watu wasiwasi: nani anatusikiliza? Sanamu hili lipime ukubwa wa sauti tu, lisihifadhi neno hata moja, na hilo liandikwe kwenye nguzo kwa herufi kubwa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kule Mexico msemaji alikishika kipaza sauti kwa hiari yake. Mnunuzi wa kabati Keko hajaombwa hiari hiyo.

Najua wapo watakaosema mtaa unahitaji mifereji kabla ya sanamu. Sawa, mifereji ichimbwe. Lakini tunazo pia kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotungwa mwaka 2015 chini ya Sheria ya Mazingira, na ni wangapi mtaani wanaweza kukuambia kelele zao zimefika wapi? Kanuni isiyoonekana ni vigumu kuitii. Taa inaonekana hata na asiyejua kusoma. Kiziwi naye ataliona sanamu likipanda na kushuka, na kwa mara moja yeye na anayesikia watakuwa wakitazama sauti ile ile.

Keko kuna mtaa unaoitwa Keko Mwanga. Jina wanalo tayari, maseremala wapo, mafundi redio wapo, na madumu yamejaa. Na jioni mashine zikizimwa, ndipo mwanga utapanda kwa sauti za watu wanaoulizana habari za kutwa.

Hadi wiki ijayo, ndugu msikilizaji, tunza masikio yako.