MIEZI MITATU YA KWANZA YA MIMBA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wanaokaa Huruma, Nairobi)



Mikutano yetu imezoea habari za mshahara, masaa ya kazi, na vibarua wanaofutwa bila barua. Leo tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo wengi hudhani si la chama, nalo ni mimba inapoanza. Sisi twasema ni la chama kabisa. Akina mama wa Huruma hufanya kazi katika viwanda vya Baba Dogo, hushona, hufunga mizigo, huuza mitumba Gikomba, na hufua nguo za watu Eastleigh. Wengi wao wakishika mimba huificha miezi mitatu au minne, kwa kuogopa nyapara asije akawafuta. Basi taabu ni hii: wiki zile zinazofichwa ndizo wiki ambazo mwili wa mtoto unajengwa. Mama akija kuuliza habari mwezi wa tano, ujenzi mkubwa umekwisha.

JINSI YA KUHESABU

Mkunga huanza hesabu siku ya kwanza ya damu ya mwezi iliyoonekana mara ya mwisho. Kutoka siku hiyo mpaka kuzaa ni kadiri ya wiki 40, yaani siku 280. Katika wiki mbili za kwanza za hesabu hiyo mimba bado haijaingia. Kwa mwanamke ambaye mwezi wake ni wa siku 28, yai hutoka karibu na siku ya 14, na hapo ndipo mimba huweza kutungwa.

Tunaeleza jambo hili kwa sababu limevunja nyumba za watu. Mume aliyerudi kutoka safari wiki sita zilizopita akisikia mkunga anasema mimba ina wiki nane, asianze ugomvi. Wiki mbili zilizozidi ni za hesabu tu. Tena mama ambaye damu yake imechelewa wiki mbili, ajue kuwa kwa hesabu ya mkunga yuko katika wiki ya sita.

MTOTO ANAVYOJENGWA

Mbegu ya baba hukutana na yai katika mrija wa uzazi. Yai hilo hugawanyika, likawa mawili, manne, manane, huku likisafiri kwenda katika tumbo la uzazi. Baada ya siku sita mpaka kumi hivi hujishikiza katika ukuta wa tumbo hilo. Likiisha kushika, hutoa kitu katika damu ya mama kinachoamuru damu ya mwezi isije. Kitu hicho hicho ndicho kinachoonekana mkojo unapopimwa. Kwa hiyo kupima mkojo kabla ya damu kuchelewa mara nyingi huleta jibu la uongo. Afadhali kungoja siku chache na kupima tena.

Katika wiki ya tano na ya sita moyo huanza kupiga, na mtoto mwenyewe hapiti ukubwa wa punje ya ndengu. Wakati huo huo bomba dogo la mgongoni, ambalo litakuwa ubongo na uti wa mgongo, hufungwa. Likikosa kufungwa vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Katika wiki ya nane ni kama haragwe, na mikono na miguu imechipuka. Ikifika wiki ya 12 ana urefu wa kadiri ya sentimita tano au sita, vidole vyake vimeachana, na viungo vyake vyote vikubwa vimekwisha kuwekwa mahali pake. Kazi iliyobaki ni kukua na kukomaa.

MAMA ANAVYOJISIKIA

Mama huchoka kama mtu aliyekesha. Matiti hujaa na kuuma. Hukojoa mara kwa mara. Kichefuchefu huanza karibu na wiki ya sita, na licha ya kuitwa cha asubuhi, huja hata mchana na usiku. Harufu ya mafuta ya kukaanga, au ya mbuzi wa Kiamaiko, ambayo jana hakuijali, leo humtapisha. Mishipa ya damu hulegea, na akisimama muda mrefu mahali pa joto aweza kuona kizunguzungu. Kwa walio wengi hali hiyo hupungua baada ya mwezi wa tatu au wa nne.

Ndugu, huo si uvivu. Tumbo halijaonekana, lakini mwili unafanya kazi mbili. Mwenzenu akitoka kwenye mashine kwenda chooni mara nne, msimcheke. Mume naye ajue kwamba mtungi wa maji wa lita 20 kutoka chini mpaka ghorofa ya tano si mzigo wa kumwachia mke anayetapika. Ale kidogo kidogo mara nyingi, chakula kikavu kabla ya kuamka kitandani, na maji kidogo kidogo mchana kutwa. Akishindwa kabisa kuweka maji tumboni siku nzima, au mkojo ukawa mchache na mweusi, aende hospitali.

CHAKULA NA VIDONGE

Lile bomba la mgongoni lataka vitamini iitwayo asidi ya foliki. Mama anayetazamia kushika mimba yafaa aanze kumeza kidonge cha maikrogramu 400 kila siku kabla ya mimba kuingia, aendelee mpaka wiki ya 12 ipite. Kliniki humpa pia madini ya chuma ya kuongeza damu. Asimeze dawa nyingine yo yote, ya dukani wala ya mitishamba, kabla ya kuuliza.

Kwa chakula cha kila siku, maharagwe, ndengu, managu, terere na omena zapatikana sokoni kwetu kwa bei ambayo mfanyi kazi aweza kuimudu. Tena jueni jambo la unga. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani utiwe madini ya chuma, asidi ya foliki na vitamini nyingine. Unga tunaojisagia mtaani hautiwi. Hatusemi msiule, twasema anayeutumia asikose vidonge na mboga.

Odowa, yale mawe laini ya kibandani, hayaongezi damu. Mara nyingi tamaa ya kula udongo ni dalili kwamba damu imepungua, na udongo wenyewe waweza kuwa na mayai ya minyoo au madini ya sumu. Pombe, sigara na chang'aa humfikia mtoto, wala hapana kipimo kilichothibitishwa kuwa salama.

HATARI ZA KAZINI

Madini ya risasi, yaliyomo ndani ya betri za magari na katika rangi za zamani, hupita kutoka damu ya mama kwenda kwa mtoto na kuharibu ubongo wake. Kijiji cha Owino Uhuru huko Mombasa kilitiwa sumu hiyo na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu hiyo. Mama mwenye mimba asikae karibu na mahali betri zinapopasuliwa, na mume afanyaye kazi hiyo abadili nguo kabla ya kuingia nyumbani. Mvuke wa gundi na wa rangi, dawa za kuua wadudu, na miali ya eksirei ni vya kuepukwa vile vile.

MIMBA IKIHARIBIKA

Kati ya mimba 100 zilizojulikana, 10 mpaka 20 huharibika zenyewe, nyingi katika miezi hii mitatu. Mara nyingi sababu ni kosa lililotokea mapema katika kuungana kwa mbegu na yai. Si uchawi, si kisirani cha jirani, wala si kosa la mama. Twawaomba akina baba na mama wakwe wasimwongezee mfiwa mzigo wa lawama.

Lakini damu ikitoka, usingoje. Na maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kuzirai, au maumivu ya bega pamoja na damu kidogo, huweza kuwa dalili ya mimba iliyotunga nje ya tumbo la uzazi. Mrija ukipasuka, mama aweza kufa kwa muda mfupi. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku, hata kama hana barua ya ruhusa ya kutoka kazini. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko upande wetu huu wa Eastlands, na Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926, haiko mbali.

Hata aliye mzima aende kliniki kabla ya wiki ya 12. Hapo hupimwa damu, mkojo, presha, kaswende na virusi vya ukimwi. Kaswende hutibika, na mama mwenye virusi akitumia dawa mapema, mtoto karibu kila mara huzaliwa salama.

HAKI YA MFANYI KAZI

Zamani sheria ya kazi ya mwaka 1976 ilimpa mama miezi miwili, na akiichukua alipoteza likizo yake ya mwaka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilibadili hayo: miezi mitatu kwa mshahara kamili, na likizo ya mwaka haikatwi. Baba hupata wiki mbili kwa mshahara kamili. Mama hutoa taarifa ya maandishi siku saba au zaidi kabla ya kuanza likizo.

Shikeni na hili. Sheria hiyo hiyo yasema mimba si sababu ya haki ya kumfuta mtu kazi, na yakataza ubaguzi kwa ajili ya mimba. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, sheria humhesabu kuwa mfanyi kazi wa mshahara wa mwezi, hata akiitwa kibarua kila asubuhi mlangoni.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Mama akijijua ana mimba, amwambie mwakilishi wa chama kazini kwake kwanza. Mwakilishi aitunze siri hiyo kama mali ya amana. Kisha waandike barua pamoja, waambatishe cheti cha kliniki, waombe kazi nyepesi mbali na sumu na mizigo mizito, na nakala ibaki kwao. Akifutwa baadaye, nakala hiyo ndiyo itakayosema mahakamani kwamba mwajiri alijua.

Mama peke yake ana sababu ya kuogopa. Mama mwenye wenzake arobaini nyuma yake, ni nyapara atakayefikiri mara mbili. Sasa, wenye maswali wasimame, na asiyeweza kuuliza mbele ya watu atukute baada ya mkutano.