Galoni Si Moja: Uliza Lita Kabla ya Kulipa



Kuna jambo linaloonekana dogo, ilhali linagusa fedha zetu kila siku na wakati mwingine hata afya za watoto wetu. Nazungumzia ujazo wa vimiminika tunavyonunua: mafuta ya kupikia, asali, rangi ya nyumba, petroli na dawa za maji.

Nchi yetu hutumia mfumo wa metriki, na ujazo hupimwa kwa lita na mililita. Hata hivyo, neno galoni halijatutoka mdomoni. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akisema galoni ya rangi, kwa kawaida ana maana ya kopo la lita 4. Muuza mafuta ya kupikia akitaja galoni, mara nyingi anakuonyesha dumu la lita 5. Dumu lililojazwa Marekani likiandikwa galoni 1, ndani yake mna lita 3.785. Naye mzee aliyesoma hesabu enzi za vipimo vya Kiingereza atakuambia kuwa galoni ni lita 4.546. Neno ni moja, ujazo ni wa aina nne. Wote hao wanaweza kusema kwa nia njema, lakini anayelipia tofauti ni mnunuzi.

Pengine mtajiuliza Waingereza na Wamarekani walitofautianaje, hali lugha yao ni moja. Zamani Uingereza ilikuwa na galoni kadhaa: ya mvinyo, ya bia na ya nafaka. Galoni ya mvinyo iliwekwa kisheria mwaka 1707 kuwa inchi za ujazo 231, na Wamarekani wakabaki nayo hata baada ya kujitawala. Mwaka 1824 Waingereza walitunga sheria iliyoziondoa galoni hizo zote na kuleta moja mpya, yenye ujazo wa ratili 10 za maji. Hiyo ndiyo iliyoletwa huku wakati wa utawala wao.

Masalia yake tunayo hadi leo. Debe la zamani la mafuta ya taa lilichukua takriban galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Siku hizi watu wengi huita debe hata ndoo ya plastiki ya lita 20. Sasa tuseme akina mama wa kikundi wanaagiza madebe 10 ya asali, wakipiga hesabu ya lita 200. Muuzaji naye anapima kwa debe la bati. Watapokea lita 182 hivi. Lita 18 zimepotea, ambazo karibu zinajaza debe zima, na hakuna aliyeziiba. Zimepotea kwa sababu hakuna aliyetaja lita.

Ili msibabaike, kuna hesabu ya kichwani ambayo haihitaji kikokotoo. Kwa galoni ya Kiingereza, zidisha idadi kwa 4, kisha ongeza nusu ya idadi hiyo. Galoni 10 ni 40 na 5, yaani lita 45. Jibu kamili ni 45.46. Kwa galoni ya Kimarekani, zidisha kwa 4, kisha punguza sehemu moja ya tano ya idadi. Galoni 10 ni 40 kasoro 2, yaani lita 38. Jibu kamili ni 37.85. Kwa matumizi ya sokoni, makadirio hayo yanatosha.

Hesabu hiyo hufichua bei. Tuchukue mfano: dumu la mafuta lenye galoni 1 ya Kimarekani linauzwa shilingi 24,000, na jirani yake la lita 4 linauzwa shilingi 25,000. Macho yatakimbilia la kwanza. Lakini gawanya bei kwa lita: la kwanza ni shilingi 6,341 kwa lita, la pili ni shilingi 6,250. Lililoonekana rahisi ndilo ghali.

Wanunuzi wa magari nao wawe makini. Tangazo likisema gari linakwenda maili 30 kwa galoni, ulizeni galoni ya nchi gani. Kwa galoni ya Kimarekani, hizo ni kilomita 12.8 kwa lita. Kwa ya Kiingereza, ni kilomita 10.6. Katika safari ya kilomita 200, tofauti ni lita 3 za petroli, kwenda tu.

Nimeliacha mwisho lililo zito kuliko yote, nalo ni dawa. Chupa za dawa kutoka ng'ambo huweza kuandikwa kwa aunsi za ujazo, zenye alama ya "fl oz". Aunsi ya Kimarekani ni mililita 29.6, na ya Kiingereza ni mililita 28.4. Tofauti hiyo ni ndogo. Hatari kubwa ipo kwenye vijiko. Alama "tsp" ni kijiko cha chai, mililita 5. Alama "tbsp" ni kijiko kikubwa, na kwa kipimo cha Kimarekani ni mililita 15. Mzazi akichanganya alama hizo mbili, mtoto anapewa dozi mara tatu. Vijiko vya jikoni navyo havilingani. Tumieni kikombe au bomba la kupimia lililokuja na dawa, na pasipo na chombo hicho, mwombeni mfamasia awape na awaandikie dozi kwa mililita.

Ndugu wananchi, nawaomba mwondoke hapa na mambo manne. Kwanza, mkiambiwa galoni, debe au dumu, ulizeni: ni lita ngapi? Pili, someni lebo, kwa maana ukubwa wa chombo si ujazo wa kilichomo. Tatu, linganisheni bei kwa lita moja moja. Nne, mkikuta kilichomo ni pungufu ya kilichoandikwa, tunzeni chombo na risiti, kisha mtoe taarifa katika ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa wenu. Malalamiko yenye risiti hufuatiliwa kwa urahisi kuliko manung'uniko ya sokoni.

Swali hilo la lita ngapi halimvunjii muuzaji heshima. Muuzaji mwaminifu atalijibu mara moja, na asiyetaka kulijibu amekwisha kuwapa jibu.