Viatu vya mbali, moyo wa hapa
(Maneno yaliyosemwa mbele ya memba)



Tumepewa nafasi kidogo kabla ya hesabu ya michango. Tutasema juu ya wimbo moja, mutuvumilie.

Tuliokuwa Nyarugusu na Lugufu tunakumbuka vibanda vya video. Filamu za Kihindi tuliziangalia pale, hata za zamani zisizo na rangi. Moja ni Shree 420, ya mwaka 1955. Raj Kapoor ni kijana maskini anayefuata barabara kwenda Bombay, kifurushi begani. Anaimba njiani, lakini sauti ni ya Mukesh.

Kijana huyu hana kitu. Hata hivyo anahesabu mavazi yake sawa tajiri: viatu vilitoka Japani, suruali Uingereza, kofia Urusi. Kisha anacheka, anasema ndani ya hayo yote yeye ni Mhindi tu. Hatukujua Kihindi, lakini mtu alitufasiria, na tulicheka sana, juu tulijiangalia: shati ya mitumba, mahindi ya msaada, nyumba ya shitingi ya HCR.

Utamu wa ule wimbo ni huu: hamtukani mtu, wala halii. Anajitania mwenyewe kabla wengine hawajamtania. Mtu akisha kujicheka, nani atamwaibisha?

Sasa tuseme yetu. Tangu turudie Kabambare na Kasongo, tunaitwa "Watanzania". Batoto waliozaliwa kambini wanachekwa kwenye masomo juu ya namna yao ya kusema. Lakini sisi pia tuko na kosa. Tunawaita waliobaki "watu wa pori", na ni wao waliozika wafu wetu.

Tukumbuke: Kiswahili chenyewe kilifika Kasongo kwa miguu toka pwani, karne ya 19, wakati wa Tippu Tip. Kilikuja na kanzu na mchele, na kilikuja na minyororo ya utumwa. Leo nani hapa anakiita kigeni? Ndicho tunachobembelezea batoto.

Ila wimbo hautoshi. Moyo hauonyeshi mpaka wa shamba. Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, kukiwa shauri ya shamba, aliyerudi na aliyebaki wakae pamoja mbele ya shefu, na mzee anayejua mipaka aitwe. Tusianze kwa panga wala kwa makelele sokoni. Pili, katika hii mutualite yetu, mtu akifiwa asiulizwe kwanza wakati wa vita alikuwa wapi. Tuulize tu: matanga iko wapi, na nani ataleta kuni?

Na yule mtoto anayechekwa, tumfundishe kujicheka kidogo. Itamsaidia kuliko ngumi.

Sasa tumwachie mweka feza asome hesabu.