Simu ya Chama Ivukapo Mpaka

Hotuba ya Mkaguzi wa Ushirika kwa makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi, Morogoro



Jambo nililoombwa kulieleza ni matumizi ya simu ya mkononi kwa mtu aliye safarini nje ya nchi. Huenda wako watakaouliza: mkulima wa karafuu wa Kinole, au wa mboga wa Mgeta, ana haja gani na jambo hilo? Jibu langu ni kwamba mkulima anaweza asitoke katika milima hii ya Uluguru maisha yake yote, na bado fedha zake zikavuka mpaka. Huvuka zikiwa mfukoni mwa katibu au mweka hazina aliyetumwa Nairobi, Kampala au Kigali kutafuta wanunuzi, au kujionea jinsi wenzetu wanavyoendesha vyama vyao. Simu ya kiongozi wa chama si chombo cha salamu tu. Humo huingia tarakimu za benki za kuthibitisha malipo, na humo zimo namba za wanunuzi na za wasafirishaji. Kwa hiyo simu hiyo ni kama ufunguo wa sanduku la chama, na hapana budi ipangiwe utaratibu kama ufunguo wenyewe.

Nitoe mfano. Katika chama kimoja nilichokikagua, ambacho sitakitaja, mweka hazina alisafiri nchi ya jirani kwa muda wa siku sita. Mazao yalikuwa yamekwisha kupokelewa, mnunuzi amekwisha kulipa, na orodha ya malipo ya wakulima iko tayari. Lakini benki ilikuwa ikituma tarakimu za kuthibitisha malipo kwa laini ya mweka hazina huyo peke yake. Alipovuka mpaka aliitoa laini hiyo simuni akaweka ya nchi ile, kwa nia njema ya kubana matumizi. Kwa siku sita wakulima walipanda na kushuka mlima wakiulizia fedha zao. Kufikia siku ya tatu maneno yalikuwa yamekwisha enea kwamba fedha zimeliwa. Zilipohesabiwa hazikupungua hata senti moja. Hata hivyo, katika msimu uliofuata baadhi ya wanachama walipeleka mazao yao kwa walanguzi. Imani ikipotea, ndugu zangu, hakuna kitabu cha stakabadhi cha kuirudishia.

Sasa tulitazame jambo lenyewe. Sisi wa milimani tumezoea mtandao wa simu unaokuja na kuondoka. Mtu hupanda kilimani kuutafuta. Mpakani hali ni nyingine. Mtandao upo, ila si wa kampuni yako. Laini yako hupokelewa na kampuni ya nchi ile kama mgeni. Kampuni hiyo huidai kampuni yako ya nyumbani kwa kila dakika na kila ujumbe, nayo kampuni yako hukukata wewe muda wa maongezi. Huduma hiyo wenye kampuni huiita romingi. Kinachowashangaza wengi ni kwamba ugenini hata kupokea simu kwaweza kukatwa fedha. Anayekupigia kutoka Matombo hulipia kukufikia nyumbani kwenu, na sehemu iliyobaki, kutoka nyumbani hadi uliko, waweza kuilipia wewe.

Mambo haya hayakuwa hivyo siku zote, wala hayafanani kila mahali. Zamani nchi zetu tatu zilihudumiwa na Shirika moja la Posta na Simu la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilishika njia yake. Simu za mkononi zilipoingia nchini mwaka 1994, zilikuta mipaka hiyo imekwisha simama. Mwezi Septemba 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Tanzania, Kenya na Uganda, hata mteja akaweza kupokea simu bila malipo na kupiga kwa bei ya wenyeji. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha mpango wa eneo moja la mtandao ili kupunguza gharama za wasafiri. Tanzania haikuwa miongoni mwa nchi zilizoanza mpango huo. Huko Ulaya, tangu tarehe 15 Juni 2017, mwenye laini ya nchi ya Umoja wa Ulaya anayesafiri kwa muda hutumia simu kwa bei ya kwao katika nchi nyingine za Umoja huo. Lakini utaratibu huo ni wa laini za huko. Mtanzania akifika Ujerumani na laini ya Tanzania hahesabiwi humo.

Fundisho tunalolipata ni hili: bei ya simu ugenini haitokani na umbali wa safari, bali hutokana na mapatano ya kampuni na ya serikali. Mapatano hubadilika. Bei uliyoambiwa na aliyesafiri mwaka jana, au na mwenye laini ya kampuni nyingine, isikutoshe. Uliza wewe mwenyewe kabla ya kuondoka.

Napenda sasa kueleza yafaayo kutendwa, kwa mpango wa safari yenyewe.

Kwanza, kabla ya safari, bodi ikutane na iandike katika muhtasari ni nani atakayethibitisha malipo wakati msafiri hayupo. Benki iarifiwe mapema kwa barua yenye saini zote zinazotakiwa. Kumwachia mwenzako laini na namba ya siri si njia ya mkato inayokubalika. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na kwa jina la mtu mmoja, na tangu tarehe 20 Januari 2020 zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Litakalotendwa kwa laini hiyo litahesabiwa kuwa limetendwa na wewe. Ni vema pia kubonyeza *106# kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako. Na ikumbukwe kwamba laini ikipotea ukiwa mbali, kupata nyingine ni kazi ngumu, maana alama za vidole vyako zitahitajika.

Pili, msafiri aiulize kampuni yake mambo manne: je, huduma ya ugenini imefunguliwa katika laini yake, ni bei gani kupiga, kupokea, kutuma ujumbe na kutumia intaneti katika nchi aendayo, je, kuna kifurushi cha nchi hiyo, na ni mtandao gani wa huko wenye mapatano na kampuni yake. Majibu ayaandike. Aulize pia kama huduma ya fedha kwa simu itafanya kazi huko, wala asiitegemee kabla hajapata jibu.

Tatu, namba zote zihifadhiwe kwa mtindo wa kimataifa. Namba inayoanza na sifuri haitakufikisha nyumbani ukiwa ugenini. Ondoa sifuri hiyo, weka alama ya kujumlisha na 255. Kenya ni 254, Uganda 256, Rwanda 250, Burundi 257, na Kongo ya Kinshasa 243. Namba za mwenyekiti, za benki na za mwenyeji wako ziandikwe pia katika daftari, maana simu huzimika na huibiwa.

Nne, ukiwa njiani. Katika miji ya mpakani kama Namanga, Sirari au Mutukula, simu yaweza kudaka mtandao wa jirani nawe hujatoka Tanzania. Zima uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha, uchague kwa mkono. Zima pia matumizi ya intaneti ya ugenini, kwa sababu programu za simu hufanya kazi kimya kimya. Hupakia picha na kujisasisha nawe umelala, na muda wa maongezi huisha bila wewe kuongea na mtu. Kwa mazungumzo marefu na wenyeji, nunua laini ya nchi ile kwa kutumia pasipoti yako. Kama simu ina nafasi mbili, laini ya nyumbani ibaki ndani ili ujumbe wa benki ukufikie. Waifai ya hotelini inafaa kwa kuzungumza na nyumbani, lakini akaunti ya chama isifunguliwe humo. Jambo dogo la mwisho: Rwanda na Burundi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ikiwa kwetu ni saa tatu asubuhi, kwao ni saa mbili, na simu inayojirekebisha itakuonyesha saa yao. Mkipanga kupigiana, semeni ni saa ya wapi.

Tano, tahadhari ya matapeli. Sote tumepata ule ujumbe wa kuambiwa ile fedha itumwe kwa namba hii. Ujumbe huo hupata nguvu pale watu wanapojua kwamba katibu yuko safarini: “Nimekwama mpakani, laini yangu haishiki, tumeni kwa namba hii ya rafiki.” Chama kiwe na kanuni moja isiyo na udhuru: hakuna malipo kwa ujumbe wa simu peke yake. Msafiri apigiwe kwa namba inayojulikana, asikike sauti, aulizwe neno lililokubaliwa kabla ya safari, na watu wawili wa bodi waridhike. Asipopatikana, fedha zisitoke. Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, upelekwe 15040, namba iliyowekwa kwa ajili hiyo.

Sita, hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Gharama za simu zitajwe katika masurufu ya safari kwa kiasi kilichopitishwa na bodi, zisifichwe ndani ya posho. Ujumbe wa kampuni unaoonyesha kununua kifurushi uhifadhiwe na unakiliwe, uambatanishwe na hati ya malipo kama stakabadhi nyingine. Simu za nyumbani kwa mke, mume na watoto ni halali ya msafiri, nazo hulipiwa na msafiri. Mkaguzi akifika asikute mstari mmoja ulioandikwa “vocha” na jumla kubwa mbele yake, maana mstari wa namna hiyo humweka hata mtu mwaminifu mahali pabaya.

Ndugu Makatibu, sisemi haya ili kuwatisha watu wasisafiri. Vyama vyetu vina haja ya kutoka, kujifunza na kutafuta masoko, na simu imeturahisishia mengi ambayo wazee wetu waliyangojea kwa barua na kwa simu ya maandishi. Nasema ili mwanachama aliyepeleka gunia lake ghalani asilipie kwa hofu na usumbufu safari ambayo hakuipanda.

Naomba basi kila bodi, katika kikao chake kijacho, ipitishe maazimio matatu: kwamba laini ya mtu mmoja isiwe njia pekee ya kuthibitisha malipo ya chama, kwamba hakuna fedha itakayotoka kwa ujumbe wa simu peke yake, na kwamba gharama za simu za safari zipangwe kabla na zirejeshewe hesabu baada. Maazimio hayo yaandikwe katika muhtasari na yasomwe kwa wanachama kwenye mkutano mkuu, ili wajue ni nani ameshika ufunguo wakati kiongozi wao yuko ng’ambo ya mpaka.