Vifungo vya Shati la Marehemu



Kipindi chetu ni kipindi cha amani, na najua kwamba wengi wakilisikia neno hilo wanangoja habari za bunduki na mazungumzo ya wakubwa. Leo hatutatoka nje ya nyumba. Tutazungumza juu ya sanduku la nguo za mtu aliyekufa, juu ya mashati yake, na juu ya vifungo vya mashati hayo. Msicheke. Vita vingine vya jamaa zetu vimeanzia ndani ya sanduku hilo.

Mnajua namna mambo yanavyokwenda. Kilio kinaisha, viti vya kuazima vinarudishwa, wazee wa jamaa wanaketi. Koti linakwenda kwa ndugu mkubwa, viatu kwa mpwa, saa kwa yule aliyewahi kuinyoosha mkono. Mjane ameketi chini na kichwa chake kimefungwa kitambaa, hakuna anayemuuliza neno. Akisema, «Niachieni walau shati moja», anajibiwa, «La nini? Wewe ni mwanaume?» Na akishikilia shati lile, maneno mengine yanaanza. Kwa nini anazificha nguo? Alimlisha nini bwana wake? Hapo neno karuho linatajwa, neno la sumu ambalo sisi watu wa Kivu tunalijua vizuri na tunalitupa ovyo. Kesho yake vijana wanakuja na mawe. Nimewaona wajane waliofukuzwa nyumbani bila hata sufuria, na ugomvi ulikuwa umeanzia kwenye shati lililotoboka kola.

Tuanze na sheria, kwa sababu ndiyo niliyosomea. Sheria ya Jamaa ya nchi yetu ilitolewa tarehe 1 Agosti 1987, ikarekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Nguo za marehemu, kama vile meza yake na redio yake, ni mali ya urithi. Warithi wa kundi la kwanza ni watoto, wote ambao marehemu aliwatambua, wavulana na wasichana sawasawa, na sehemu yao ni robo tatu. Robo inayobaki ni ya kundi la pili: mke au mume aliyebaki, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Wajomba, baba wadogo na mashangazi wanakuja nyuma, katika kundi la tatu. Tena mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyokaa pamoja na kutumia vyombo vilivyomo. Basi yule baba mdogo anayeingia na gunia na kujaza nguo siku ya tatu, anachukua kitu cha watoto. Hata mkiita jambo hilo desturi, mbele ya sheria jina lake linabaki lile lile. (Na ninyi mlioishi miaka ishirini pamoja bila kuandikisha ndoa kwa etasivili, nawasihi, nendeni. Tutalirudia siku nyingine.)

Lakini sheria inagawa tu. Haimwambii mama mahali pa kuweka mikono yake usiku asipopata usingizi. Ndiyo sababu nataka kuwaeleza kazi moja ambayo nimeiona ikifanywa na akina mama, na ambayo mtu yeyote mwenye sindano anaweza kuifanya.

Washonaji wa vikwembe katika mji wetu hawatupi vipande vinavyobaki. Akina mama wanavikusanya, wanaviunga, wanapata shuka ya kitanda au foronya. Wachache wamefanya hivyo hivyo kwa nguo za marehemu wao. Unachukua blanketi nzee au shuka nene kuwa mgongo. Unafumua mashati pale kwenye mishono, unaacha kiwiko na kola maana hapo kitambaa kimekwisha. Unakata vipande vya kipimo kimoja, unavipanga chini sakafuni mpaka macho yakubali, kisha unaunga. Katikati ya vitambaa viwili, ukipata, weka sweta ya zamani ili ipate joto. Hapo sasa vifungo vinaanza kazi. Pale pembe nne za vipande zinapokutana, unapitisha sindano chini mpaka mgongoni, unarudi juu, unakaza kifungo. Kifungo kinashika tabaka zote tatu ili zisihame ukifua. Ni pambo, ndiyo, lakini ni pambo lenye kazi. Shati moja lina vifungo saba, nane, pamoja na vile vya mikononi. Mashati sita yanatosha blanketi ya mtoto, na kingine kinabaki.

Katika jamaa moja niliyoitwa kupatanisha, mjane na mama mkwe wake walikuwa hawasalimiani tangu maziko. Mama mzee alitaka nguo za mwanawe. Mjane alikuwa amezifunga kwa kufuli. Chefu wa avenyu alikuwapo, wazee wawili wa shirika walikuwapo, na mimi nilikuwa na vifungu vyangu vya sheria tayari. Nilipomuuliza yule bibi, «Mama, unataka nguo zipi?», akajibu kwamba anataka shati jeupe peke yake, lile alilovaa siku ya ubatizo wa mtoto wa kwanza. Mjane akainua kichwa. Yeye naye alikuwa akililinda lile lile. Tukakaa kimya muda mrefu. Sikuwa na kifungu cha sheria kwa jambo hilo. Bibi mwenyewe ndiye aliyesema likatwe na kuungwa pamoja na mengine kwa ajili ya wajukuu, ila apewe kifungo kimoja. Alikifunga katika pembe ya kikwembe chake, pale anapofungia pesa za soko. Sisemi walipendana tangu siku ile. Nasema walishona pamoja, na mtu akishikilia upande mmoja wa kitambaa na mwingine upande wa pili, ni vigumu kuendelea kuitana mchawi.

Wapo watakaosema kwamba nguo ya mfu inaita mizimu. Sibishani na imani ya mtu. Nauliza tu: mbona koti la marehemu likivaliwa na shemeji haliiti mizimu?

Hatuko peke yetu katika jambo hili. Tarehe 11 Oktoba 1987, huko Washington, Marekani, watu walitandaza chini vipande 1,920 vya kitambaa, kila kimoja karibu na ukubwa wa kaburi, kwa ajili ya ndugu zao waliokufa kwa ukimwi. Wengi wa marehemu hao walikuwa wamekataliwa, wengine walikosa hata mazishi ya heshima. Jamaa na marafiki walishona mashati yao, kofia zao, vifungo vyao. Ugonjwa ule ulikuwa na aibu kama ile tunayoijua hapa, na kitambaa kikasema jina ambalo kinywa kiliogopa kulisema.

Na kifungo kina jambo jingine: hakiozi upesi. Ng'ambo ya ziwa letu, huko Kibuye, mwaka 1996, wataalamu walifukua kaburi la watu wengi karibu na kanisa, watu waliouawa mwaka 1994. Nguo zilifuliwa na kutandazwa mbele ya wenyeji, ili mwenye kutambua sweta ya dada yake au sketi ya mama yake aseme. Huko Chile, askari wa Pinochet waliwafunga wafungwa kwenye vyuma vya reli wakawatupa baharini, wakidhani bahari itanyamaza. Mwaka 2004 wapiga mbizi walivitoa vyuma kadhaa. Kwenye kimoja, katikati ya kutu na makombe, kulikuwa na kifungo cha shati. Miaka karibu thelathini chini ya maji, na kifungo kile kikatoa ushahidi.

Nataja haya kwa ajili ya wale kati yetu ambao hawana kaburi la kwenda. Ni wengi. Wako waliopoteza watu katika vita vya 1996 na vya 1998, katika mapigano ya hapa mjini ya Juni 2004, na wakati mji ulipochukuliwa mwezi wa Februari 2025. Wako jamaa za Minova na Kalehe ambao watu wao walipanda meli Merdi tarehe 3 Oktoba 2024, ikazama wakiwa wanaiona bandari ya Kituku, na ziwa halikurudisha wote. Sheria inaruhusu mahakama kutamka kwa hukumu kwamba mtu amekufa, hata kama maiti haikuonekana, mambo yaliyotokea yakiwa yanaonyesha wazi kwamba hakupona. Bila hukumu hiyo mjane hana karatasi, na urithi hauwezi kufunguliwa vizuri. Lakini nafahamu kwa nini wengi wanachelewa. Kumwomba jaji atamke hivyo ni kama kumzika mtu kwa mkono wako. Mama mmoja aliniambia kwamba alishona kwanza, ndipo akaweza kwenda kuomba. Sikumwuliza kwa nini. Nadhani mikono yake ilikuwa imekwisha kukubali kabla ya kinywa.

Sasa maonyo mawili. Kama marehemu alikufa kwa kipindupindu, kwa mpoksi, au kwa ugonjwa wowote wa kuambukiza, usiguse nguo zake kabla ya kuwauliza watu wa afya. Wakisema zichomwe, zichomwe. Waliokumbwa na Ebola Mwenga mwaka 2019 wanajua. Na kama blanketi ni ya mtoto mdogo, usiweke vifungo pembeni ambako atatafuna. Viweke katikati, uzi mara mbili uliopakwa nta ya mshumaa, na kila mwezi vivute uone kama vinashika. Mtoto amekwisha kumpoteza baba. Asikabwe na kifungo chake.

Mbele ya kukata chochote, hesabuni nguo mbele ya warithi wote na mashahidi, andikeni kwenye karatasi, wote watie sahihi au kidole. Watoto wakubwa waulizwe, maana mali ni yao. Wengine watataka shati zima walivae, na hiyo ni haki yao.

Msikilizaji mmoja wa Bagira ametuandikia swali ambalo nalijibu kabla muda wetu haujaisha: mjane akiolewa tena, blanketi inakwenda wapi? Jibu langu ni kwamba inafuata karatasi ile mliyoandika. Kama hamkuandika, mashati yalikuwa ya urithi, na sehemu kubwa ni ya watoto, kwa hiyo blanketi iende mahali watoto wanapolala. Mimi ningewashauri mshone jina la mtoto kwa nyuma, kwa uzi mwekundu, pamoja na mwaka, siku ile ile mnapokaza kifungo cha mwisho.